Akala Chini ya Betri

Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nina leseni ya kuendesha gari, nina cheti cha gumbaru, yale masomo ya watu wazima, kimetundikwa ukutani juu ya kitanda, na niliamini kabisa kwamba reli ya Emali hunywa moto wa betri. Sikuamini kwa kubahatisha. Niliamini vile watu wa kwetu wanavyoamini kwamba mvua ya Novemba itakuja hata ikichelewa.

Uvumi huo ulikuwa na asili yake. Zamani treni ilikuwa ya mvuke. Ilifika Emali ikihema kama ng'ombe aliyekimbizwa, ikasimama, ikanywa maji kwenye tangi, na kila mtu aliona inachokula na inachokunywa. Halafu ikaja ile ya dizeli. Hiyo haikuwa na habari na tangi. Ilipita na taa moja mbele inayowaka mpaka kuku wa mji wa Sultan Hamud wakadhani ni asubuhi wakaanza kuwika, na watu wa sokoni wakabaki wakiulizana: sasa hii inakunywa nini?

Jibu lilitoka kwa madereva. Wakati ule ule magari kadhaa yalianza kulala betri karibu na kivuko, pale barabara ya Loitokitok inapokata reli. Mambo mawili yakaunganishwa, na yakaungana vizuri sana. Reli ni chuma, gari ni chuma. Ukipita juu, moto wako unateremka kama maji yanavyoteremka bondeni, unakimbia na reli, na treni inaukuta mbele ya safari inaufyonza. Ndiyo maana inafika Mombasa haijachoka. Dereva mmoja wa lori la mbuzi aliniapia kwamba redio yake ilizimika katikati ya reli, halafu akasikia wimbo ule ule ukiendelea ndani ya treni iliyokuwa inapita.

Sikumcheka. Nilimwuliza ulikuwa wimbo gani.

Pikapu niliyoendesha miaka ile ya sabini haikuwa yangu. Ilikuwa ya akina mama wa kanisa letu huko Kasikeu. Waliinunua kwa vyondo walivyosuka, kwa mbuzi, kwa kuku, na kwa kugonga kokoto kando ya barabara mpaka nyundo zikaisha zikawa kama vijiko. Wazee walikuwa wametaka pesa hizo ziende kwenye mabati ya kanisa. Akina mama wakasema Mungu amezoea kuabudiwa juani, wakanunua gari. Mimi nikawa dereva kwa sababu moja tu: katika ushirika mzima hakuna mwingine aliyekuwa na leseni, na mwinjilisti alikuwa akiendesha baiskeli yake kwa namna iliyowatia watu hofu.

Sababu ya kutaka gari niliijua kuliko mtu yeyote. Mke wangu alipopata uchungu wa mtoto wetu wa kwanza tulimbeba kwa kitanda cha kamba, wanaume wanne, kuelekea hospitali ya misheni iliyo ng'ambo ya reli. Ni safari ya kutwa nzima kwa miguu. Mtoto hakufika. Mke wangu alifika, namshukuru Mungu, na ilipoanza habari ya pikapu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka kuku. Kwa hivyo nikisema nilikuwa mbishi juu ya gari lile, usifikiri ni kwa kupenda usukani. Ingawa usukani nao niliupenda.

Sasa ugonjwa wake ulikuwa hivi. Kutoka Kasikeu mpaka Emali pikapu iliimba. Tunafika kwenye kivuko, tunapanda reli, inaruka gadagada, tunashuka upande wa pili. Mbele kidogo nasimama kumshusha mtu au kupakia gunia, nazima. Nikigeuza ufunguo tena, kimya. Taa hakuna. Stata hakuna. Honi ilijitahidi kwa sauti ya mbu mgonjwa, kisha nayo ikanyamaza. Basi tunashuka, tunasukuma. Nimesukuma pikapu ile mpaka mabega yangu yakaijua njia ya hospitali kuliko macho yangu. Siku nyingine ikipita juu ya mawe mawili matatu ikisukumwa, inaamka yenyewe kama iliyokuwa inatutania tu.

Fundi wa gereji pale Emali hakuwa na maneno mengi. Alifungua boneti, akaigonga betri kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema hii imekufa, nunueni nyingine. Tukanunua. Nayo ikafa palepale penye reli. Tukanunua ya tatu, ile yenye mfuniko mwekundu, na yule dereva wa mbuzi akaniambia bila huruma kwamba treni inapenda sana betri mpya kwa sababu moto wake bado ni mtamu.

Halafu tukampeleka mama mmoja kujifungua. Ilikuwa mchana, jua limekaa juu ya vichwa vyetu. Tulivuka reli, injini ikakohoa nilipopunguza mwendo, ikazima. Tukasukuma, mimi na mume wake na wachungaji wawili wa ng'ombe tusiowajua. Kabla hatujafika popote mtoto alizaliwa nyuma ya pikapu, juu ya magunia, mama mkwe akimpokea. Alilia kwa sauti iliyoishinda honi yetu hata siku yake nzuri kabisa. Mtoto mzima, mama mzima. Lakini habari zilifika Kasikeu kabla yetu, na zilipofika zilikuwa zimeshamuua mama, zimemuua mtoto na kuniweka mimi rumande.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kamati ilikaa ndani ya kuta za kanisa zisizo na paa. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema, fundi wa mawe. Kuta zile alizijenga kwa mikono yake, na kila mvua ilipozinyeshea alikuwa akisimama mlangoni kwake akitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake akichapwa. Alisema amezungumza na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kyuso, anayekuja soko la Emali, ambaye hununua magari yaliyochoka. Atalichukua siku ya soko. Pesa zitanunua mabati, na wagonjwa tutawabeba kama walivyobebwa zamani.

"Betri tatu," alisema. "Hata mlevi hanywi hivyo."

Nilisimama kabla sijajua nitasema nini. "Gari hii haiuzwi."

"Ni yako?"

"Ni ya hawa mama."

"Basi wewe keti, hao mama waseme."

Kiongozi wa kikundi cha akina mama alikuwa bibi mzee ambaye sisi wote tulimwita Mwaitu, ndiyo mama kwa Kikamba, hata waliomzidi umri walimwita hivyo. Hakuinuka. Alisema akiwa ameketi juu ya jiwe lake, "Mwache aseme. Yeye ndiye anayeisukuma."

Basi nikasema. Nikasema mtoto aliyezaliwa kwenye magunia amezaliwa hai, na wangu aliyebebwa kwa kitanda yuko wapi? Nikasema sitabeba kitanda tena, hata wanifukuze ushirika. Nikasema kama gari ni gonjwa nitautafuta ugonjwa wenyewe kwa mikono yangu, niushike masikio, niulete mbele ya kamati. Mwenyekiti akafuta uso wake kwa kitambaa, akasema ana neno lake kwa mtu wa Kyuso na siku ya soko haisogei, lakini kabla ya siku hiyo nifanye ninalotaka.

Nikaenda kwa jamaa aliyekuwa akichaji betri za watu pale Emali. Nikaazima vyombo vyake kwa kumbembeleza mpaka sauti ikanikauka. Kimoja kilikuwa cha kioo, chenye mpira juu wa kufyonza asidi na kiboya kidogo ndani. Kingine kilikuwa mita ya kupima volti, yenye mshale na nyaya mbili. Akanifundisha jinsi ya kuvitumia, na mimi, nikiwa mtu wa gumbaru, mtu aliyejifunza kusoma jioni kwa taa ya presha baada ya kulima kutwa nzima, nilimsikiliza vile nilivyokuwa nikimsikiliza mwalimu, yaani nikimkatiza kila sentensi kwa swali.

Kwanza tuliichaji betri mpaka ikashiba, tukaiacha ilale usiku bila kuguswa. Asubuhi nikafungua vifuniko vyake sita, nikafyonza asidi ya kila chumba. Chumba kikiwa kibovu, kiboya chake huzama peke yake wakati vingine vinaelea. Kwetu vyote viliinuka sawasawa, kama wanakwaya. Nikaweka mita: volti kumi na mbili na ushee. Nikawasha taa kubwa, nikapiga stata, mshale ukashuka kidogo ukarudi, haukuanguka. Betri nzima kabisa. Yule fundi wa gereji aliyeigonga kwa kidole nilitamani nimgonge na yeye kwa kidole hicho hicho.

Basi nikasema labda betri ni nzima ila hailishwi. Mke wangu akakaa kwenye usukani kukanyaga mafuta. Alikanyaga kwa furaha sana, huku akiimba pambio, mpaka jirani akaja kuuliza kama tumenunua kinu cha kusaga. Nikatazama ile taa nyekundu ya dashibodi: injini ikishika, inazima, kama inavyotakiwa. Nikabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba: umekaza. Nikaweka mita juu ya vichwa viwili vya betri, mshale ukapanda polepole ukafika kumi na nne ukasimama hapo. Dainamo inalisha, betri inakula. Nikamwambia mke wangu azime. Nikapima tena. Nikamwambia awashe. Tulifanya hivyo mpaka mbuzi wetu wakazoea kelele wakalala chini ya gari.

"Sasa kama haina ugonjwa," mke wangu aliuliza, "ugonjwa uko wapi?"

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Gari likiwa nyumbani ni zima. Likivuka reli linakufa. Betri nimeitoa kwenye mashtaka, dainamo nimeitoa, mkanda nimeutoa. Amebaki nani? Hesabu hiyo hata mwalimu wa gumbaru angeitia alama ya vema kwa wino mwekundu. Nimesoma na kusikia watu wengi wanaocheka uvumi. Wengi wao hawajawahi kupima kitu. Mimi nilipima kila kinachopimika, na vipimo vyote vikasimama upande wa uvumi.

Kwa hivyo nilikwenda stesheni kudai.

Mkuu wa stesheni alikuwa ameketi mezani na kikombe cha chai na mkate wenye siagi. Alinikaribisha kwa adabu, akaniuliza ninasafiri kwenda wapi.

"Sisafiri. Nimekuja kuhusu moto wetu."

"Moto gani?"

"Ule mnaokunywa."

Aliweka kikombe chini taratibu, akaniuliza kama nimepata kifungua kinywa. Nikamweleza yote, kuanzia treni ya mvuke mpaka betri yenye mfuniko mwekundu, na kwa heshima nikamwomba Shirika la Reli liturudishie moto wetu au liweke koki ya kuufunga. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alinionyesha taa iliyoning'inia juu ya meza yake.

"Bwana dereva, hii ni ya mafuta ya taa. Kama reli ingekuwa na moto, mimi ningenunua mafuta?"

"Mnauweka kwa ajili ya treni," nikamwambia.

"Basi ongea na treni," akasema, akarudi kwa mkate wake.

Nikamwambia nitaongea nayo. Na niliongea. Nilisimama kando ya kivuko mpaka ya mizigo ikapita, nikainyoshea kidole kuanzia kichwa mpaka behewa la mwisho, nikiiambia mambo ambayo mshirika wa kanisa hapaswi kuyasema mchana. Mlinzi wa geti la kivuko akaniuliza kama imenikanyagia mbuzi.

Ni pale, nikiwa nimesimama na vumbi la treni usoni, nilipotazama miguu yake. Mlinzi alikuwa amevaa akala, zile ndala nene zinazokatwa kutoka kwenye tairi la lori. Nikakumbuka darasa la sayansi. Chuma hupitisha umeme. Mpira hauupitishi. Mwalimu alituandikia ubaoni na nikapita mtihani huo bila kunakili kwa mtu. Moto unateremka kutoka kwenye betri, unapita kwenye kibao cha chuma inapokaa, unaingia kwenye bodi, unashuka relini. Ukiweka mpira katikati, utapita wapi?

Nilirudi nyumbani mbio. Nikachukua akala zangu za shambani, nikazisugua kwa maji na majivu. Nikaitoa betri, nikazipanga mbili chini yake, nikairudisha. Ikakaa juu kama chifu. Shida ikawa moja: imeinuka, na ule waya mweusi mfupi unaotoka kwenye betri kwenda kufungwa kwenye bodi haukufika tena. Nikaufungua kule chini kwenye bodi, na bolti yake ilinitoa jasho maana ilikuwa imefunikwa na kutu tupu. Nikatafuta tundu jingine juu kidogo, nikalikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga hapo na kukaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hiyo ilikuwa kazi ndogo, sikuitilia maanani. Akala ndiyo ilikuwa kazi.

Nikaenda Emali. Nikavuka reli, nikasimama, nikazima, nikageuza ufunguo. Ikanguruma. Nikarudi, nikavuka tena, nikazima, ikanguruma. Nilivuka na kurudi, kuvuka na kurudi, mpaka mlinzi wa geti akachoka kunitazama akakaa juu ya jiwe akanipa mgongo. Nilipomaliza nilipiga honi, na safari hii honi ilitoa sauti ya kiume. Yule dereva wa mbuzi aliangalia chini ya betri yangu, akaenda moja kwa moja kwa mtengeneza akala pale sokoni. Juma lile mtengenezaji huyo aliuza akala moja moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe na watu kupewa miguu miwili.

Nilimpelekea mwenyekiti habari. Alizisikiliza akichonga jiwe, kisha akasema yale yale: neno alilompa mtu limeshatoka mdomoni. Zaidi ya hayo, alisema, gari hii imepona mara mbili kila tulipoinunulia betri, na mara mbili imetudanganya.

Siku ya soko ilipofika akaja na kamati yake asubuhi. Akafungua boneti ili aone anachouza. Akaona akala. Alisimama pale akizitazama mpaka masikio yake yakabadilika rangi.

"Tunauza gari ama tunauza viatu?" akaniuliza. "Unataka mtu atoke Kyuso aje kutucheka?"

Akaniamuru niifungue betri. Nilipoilegeza akazivuta akala mwenyewe na kuzitupa miguuni pangu, betri ikashuka ikakaa kwenye kibao chake cha zamani. Nikaifunga. Sikubishana. Badala yake nilivua viatu vyangu vya Jumapili, nikavaa zile akala, nikaingia kwenye usukani.

Nilikuwa na hila yangu, na siioni kuwa ya aibu. Pikapu itavuka reli bila akala. Itakufa kama kawaida yake, mbele ya soko zima na mbele ya mnunuzi. Ndipo nitashuka bila haraka, nivue akala miguuni, niziweke chini ya betri watu wakishuhudia, niwashe. Atakayetaka kuuza gari baada ya hapo aniuze na mimi. Nilimweleza Mwaitu hila hiyo tulipokuwa tukipanda. Akaniuliza, na je, isipokufa? Nikamwambia atulie, itakufa, mimi nimesoma.

Mwenyekiti alikaa mbele pamoja nami, Mwaitu katikati, akina mama nyuma wakishikana mabega. Mke wangu alikuwa miongoni mwao na hakuimba. Tulipofika kwenye kivuko mlinzi aliniona akafumba macho. Nikaipandisha reli kwa makusudi pale palipo pabaya zaidi, ikaruka gadagada, mwenyekiti akagonga kofia yake kwenye dari. Nikaenda mpaka kwenye zizi la mnada, nikasimama hatua chache kutoka kwa mtu wa Kyuso, nikazima. Nikachomoa ufunguo na kumpa mwenyekiti.

"Washa wewe, mzee. Mimi nisije nikasemwa."

Hakuwahi kuwasha gari maisha yake. Aliutia ufunguo kama mtu anayetia mkono kwenye shimo la nyoka, akageuza.

Pikapu ikanguruma.

Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa mnada wakavunja mstari. Mke wangu alikuwa akicheka na kulia pamoja. Katika Emali nzima, nadhani, mtu wa pekee aliyesikitika ni mimi, nimevaa akala zangu, sina kazi nazo. Nilimnyang'anya mwenyekiti ufunguo, nikazima, nikawasha. Ikanguruma. Nikazima tena. Ikanguruma tena, bila haya.

Mwaitu alikuwa ameshashuka. Alimsalimu mnunuzi vizuri, akamwuliza habari za Kyuso, mvua na ndengu, na alipomaliza adabu akamwambia kwamba hakuna gari linalouzwa. Mwenyekiti akasema ametoa neno. Mwaitu akamjibu kwamba neno lilikuwa la gari gonjwa, nalo halipo hapa, alitafute.

Mnunuzi alikuwa Mwislamu wa familia iliyotoka kaskazini siku nyingi, mwenye malori yake mawili, na Kikamba chake kilikuwa chepesi kuliko changu. Alisikiliza pande zote mbili akijipepea kwa kofia.

"Mzee, mimi nilikuja kununua mgonjwa kwa bei ya mgonjwa," akamwambia mwenyekiti. "Huyu simuwezi. Neno lako nimekurudishia."

Mwenyekiti akatazama pikapu, kisha akatazama upande wa kwetu, kule kuta zake zilikokuwa zimekaa bila paa. Mwaitu akamshika mkono. "Na mabati tutayabeba kwa gari hii hii," akamwambia. Mwenyekiti akasema basi wapande, jua linakuwa kali.

Mimi sikupanda. Mtu wa Kyuso alikuwa ameniita pembeni, anataka kujua akala miguuni mwangu zina hadithi gani, maana soko zima lilikuwa linamwambia aninunue mimi aache gari. Nikamsimulia yote, vipimo vyote, mkuu wa stesheni, waya mfupi, na mwisho nikamwambia mawazo yangu ya dakika ile: kwamba labda leo reli imeshiba.

Alifungua boneti. Aliushika waya mweusi akauvuta. Haukusogea. Akainama, akachungulia kule chini, akapitisha kidole kwenye tundu la zamani na kunionyesha: kilikuwa chekundu kwa kutu.

"Huu ulikuwa umefungwa hapa chini?"

"Hapo hapo."

"Reli haina kiu, dereva. Huu ndio waya wa arthi, ukiachia huu moto wa betri haufiki popote, na hapa ulikuwa umelegea na kula kutu. Gari ikiwa nyumbani haijaruka, unagusa, ndiyo maana mita yako ilikuwa nzuri kila ukipima. Ikiruka juu ya reli, unaachia, mpaka itikiswe tena ndipo unagusa. Siku ulipouhamisha hapa juu ukakwangua na kukaza, ulimaliza ugonjwa. Akala hazikufanya kitu."

Nikamwambia mpira huzuia umeme, hilo nimefundishwa na mtihani wake nimepita.

"Ni kweli," akasema, akifunga boneti. "Na gari yako imesimama juu ya mpira, magurudumu manne, tangu ilipotoka kiwandani. Waya ulikuwa umelegea. Hiyo tu."